Masele Hakusema Mzito

Puge, 29 Machi 1936

Mdogo wangu Sylvester,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe na mkeo Eustadia, ambaye nasikia sasa hawezi kuinama kufagia. Mwambie asione haya kukaa kitako. Mimi mimba ya Katarina ilinikalisha miezi miwili mizima. Sisi huku ni wazima kwa kadiri. Mvua imezidi, karanga za bondeni zimeoza, za juu zimepona. Katarina amenipita urefu na siku hizi ananijibu kama mtu mzima mwenzangu. Yule mbuzi wetu mwenye pembe moja amezaa mapacha.

Sasa nikueleze jambo lenyewe. Shemeji yako Masele amekamatwa.

Unaijua kambi ya yule Mzungu anayechimbua mawe, mashariki ya hapa, ambaye watu wamempa jina la Bwana Mawe. Tangu Januari lori lake limekwama kwenye matope, kwa hiyo alimwomba mtemi wapagazi wa kupeleka makasha yake ya mawe stesheni ya Bukene. Mapatano yalisemwa mbele ya watu: kila mtu ratili hamsini, na siku tatu njiani. Masele akaandikwa. Jirani yetu Ng'washi akaandikwa. Waliondoka watu kumi na wanne.

Siku ya nne Masele alirudi peke yake, shingo imekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki kupita kifua. Nilipomuuliza alisema maneno machache tu: "Wamenitia lumbesa. Nimewaachia." Akajilaza. Asubuhi askari wa mtemi wakaja wakamchukua hata uji sijaepua. Wanasema ametoroka kazi na ameharibu mali ya watu kwa kutupa kasha mtoni. Wengine wanasema alilitupa, wengine wanasema aliliweka. Mimi sikuwepo, na Masele hakupata nafasi ya kunisimulia.

Barazani sikuruhusiwa kuingia. Nilisimama nje ya ukuta nikasikia sauti yake ikirudia neno lilelile, lumbesa, lumbesa, mengine sikuyasikia. Karani Hilari aliandika maelezo yake kwa Kiswahili, Masele akatia dole gumba. Hilari ameniambia karatasi itapelekwa Tabora igeuzwe Kiingereza, kisha irudishwe kwa hakimu atakayepita kusikiliza kesi.

Kugeuza karatasi za serikali ndiyo kazi yako huko, mdogo wangu. Sikuombi upindishe kitu. Naomba uitafute hiyo karatasi uone imegeuzwa sawasawa, na uwaambie wakubwa wako kwamba mtu huyu unamfahamu, si mtu wa kutoroka kazi. Nijibu upesi, maana hakimu hatangoja posta.

Dada yako,
Josepha


Tabora, 20 Aprili 1936

Dada Josepha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na Katarina na wadogo zake. Eustadia anakusalimu sana na anasema ushauri wako ameufuata, sasa anakaa kitako hata pale asipopaswa. Tumehamia nyumba ya bati karibu na njia ya stesheni. Ni nyumba nzuri ila mvua ikinyesha hatusikilizani. Mimi kazini wamenithibitisha mwezi uliopita. Yule aliyekuwa kwenye kiti changu aliondolewa kwa kupenda kubishana, kwa hiyo kila mtu ananitazama kuona mimi ni wa namna gani.

Habari ya shemeji imenisikitisha. Barua yako ilichelewa, iliniingia mkononi siku chache tu zilizopita. Dada, uelewe kwamba karatasi zinazopita ofisini kwetu ni nyingi na zinapita mikono mingi, wala si kila moja naiona. Hiyo ya Masele sijapata habari zake. Nitaendelea kuulizia. Wewe usiwe na wasiwasi mwingi. Shemeji si mhalifu. Kasha aliliweka chini taratibu kando ya maji kama anavyolazwa mgonjwa, na hakimu mwenye akili ataona tofauti ya kuweka na kutupa.

Nina swali moja. Watu wa huko wanaposema lumbesa, hasa wanakusudia nini? Mimi nililizoea kwa magunia, gunia lililojazwa mpaka likafanyiwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Lakini kasha la mbao haliwezi kuwa na kilemba, likijaa, limejaa. Je, mtu anaweza kuita kasha dogo lumbesa, au alikuwa anasema tu kwamba limemlemea? Nieleze kwa utaratibu.

Salamu kwa wote.

Mdogo wako,
Sylvester


Puge, 9 Mei 1936

Sylvester,

Sisi hatujambo. Watoto wanakula, karanga tumeng'oa.

Masele amefungwa miezi mitatu. Hukumu ilitolewa tarehe 27 Aprili, siku saba baada ya wewe kuniandikia nisiwe na wasiwasi. Amepelekwa gereza la huko kwenu, kwa hiyo sasa uko karibu naye kuliko mimi.

Ng'washi alikwenda kortini akiwa tayari kusema aliyoyaona. Hakuitwa. Anasimulia kwamba hakimu alisoma karatasi yake ya Kiingereza, akamwonyesha Masele dole gumba na kumuuliza kama ni lake. Masele akasema ndiyo. Basi, ikawa imekwisha. Kisha askari akatafsiri hukumu kwa sauti kubwa: "Mshitakiwa mwenyewe amekiri kwamba aliacha mzigo kwa sababu ulikuwa mzito. Mizigo yote ni mizito. Wenzake kumi na watatu walifika."

Ng'washi anasema Masele aligeuka akamtazama askari kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. Akasema, "Mimi sikusema mzito." Askari akamwambia anyamaze.

Na kweli hakusema. Nimeishi na mwanamume huyu miaka kumi na tisa. Amebeba mihimili ya nyumba hii begani kutoka msituni, amembeba mama yake akiugua mpaka misheni ya Ndala. Sijapata kumsikia akisema kitu ni kizito. Angeona aibu.

Sasa unaniuliza maana ya lumbesa. Mtoto wa mpagazi ananiuliza maana ya lumbesa. Nilitaka kuichana barua yako, lakini nitakujibu, maana naona mjini wamekusahaulisha.

Baba yetu alikwenda pwani mara mbili na kurudi, wewe ukiwa hujazaliwa. Alikuwa akitusimulia mimi na mama tukimenya mihogo. Msafara ukifungwa pale Tabora, kila mtu alipimiwa mzigo wake mbele ya tajiri, akauinua, akasema nakubali. Mzigo uliopimwa hivyo hakuna aliyeulalamikia, hata ungekuwa wa kuvunja mgongo, maana mtu ameukubali kwa kinywa chake. Lakini mkiwa mmetembea siku mbili, tajiri yuko nyuma, nyapara anakuja na mkeka wake na chungu chake na kiroba cha chumvi yake, anavifunga juu ya mzigo wako. Anakwambia, ni kidogo tu hiki. Hicho ndicho Baba alichokiita lumbesa. Kinaweza kuwa kidogo kama kichwa cha mtoto. Ni kile kilichoongezwa baada ya kipimo, ambacho hukukikubali na huna wa kumwambia. Gunia lenye kilemba nalo ni hivyohivyo: watu wamekubaliana gunia, yeye anaongeza kilemba. Lumbesa ni kule kuzidishiwa. Uzito ni jambo jingine.

Na Masele alifanyiwa hivyohivyo. Ng'washi aliona kwa macho yake. Kasha la Masele lilipimwa kambini, ratili hamsini, akaliinua, akakubali. Siku ya pili kasha la mtu mwingine lilipasuka. Nyapara wa Bwana Mawe akafungua kasha la Masele, ambalo lilikuwa limejazwa nusu mawe na nusu majani makavu, akatoa majani, akatia mawe ya lile lililopasuka, akapigilia misumari. Kwa nje lilikuwa kasha lilelile, hakuna aliyeweza kulinyooshea kidole. Masele alisema, "Hii sasa ni lumbesa." Nyapara akamjibu, "Kasha halijakua hata kidogo, wewe umechoka." Akatembea nalo hivyo siku nzima, na kesho yake mpaka kwenye ule mto.

Haya, umeelewa? Na mimi nina swali moja. Nani aliyegeuza ile karatasi? Nani aliyetoa neno la Masele akatia lake? Uko humohumo ofisini. Nataka jina.

Josepha


Tabora, 2 Juni 1936

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa habari njema. Eustadia amejifungua salama tarehe 16 Mei, mtoto wa kike. Tumempa jina la marehemu mama yetu, Veneranda. Ana nywele nyingi na analia kama anamdai mtu. Eustadia alitokwa na damu nyingi lakini sasa ananyonyesha vizuri. Kwa hizo siku nilikuwa nikikimbia huku na huku, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Nisamehe.

Nimekwenda kumwona shemeji. Waliniruhusu dakika chache, askari amesimama katikati yetu, kwa hiyo tulisemezana mambo ya nyumbani tu. Nilimpelekea blanketi na sabuni. Ametoa salamu kwako na kwa watoto, ameuliza kama karanga zimepona. Wamemweka kwenye kundi la kufyeka nyasi kando ya barabara, anafyeka kwa mkono wa kushoto. Shingo bado haijanyooka. Aliniambia nisikuandikie habari ya shingo. Nimekuandikia.

Kuhusu neno. Dada, nimekuelewa, na nakubali nilikuwa nimesahau. Lakini na wewe nielewe mimi. Neno hilo halina mwenzake kwa Kiingereza. Nimetafuta katika kamusi mbili za ofisini na kwenye ile ya padri, halimo. Mtu akiandika mzigo mzito, hajasema uongo. Kasha lilikuwa zito au si zito? Kugeuza lugha ni kama kuhamisha maji kwa viganja, hata mwenye nia njema yanamwagika mengine. Ukisema mkalimani alitoa neno la Masele akatia lake, unamfanya mwizi mtu ambaye pengine alikuwa na meza iliyojaa karatasi na bwana anayemsimamia kichwani.

Kuhusu jina ulilouliza, hairuhusiwi mtu wa ofisi kulitoa. Hata kama ningelijua, lingekusaidia nini? Hukumu imekwisha kutolewa, na mwezi mmoja umekwisha kupita katika ile mitatu. Naona afadhali tumtazame Masele na afya yake tuache kutafuta wa kumlaumu.

Nakuombea usiku na mchana.

Mdogo wako,
Sylvester


Puge, 21 Juni 1936

Sylvester,

Namshukuru Mungu kwa Veneranda. Mbusu kwa niaba yangu. Mwambie Eustadia anywe uji wa uwele wenye karanga, damu itarudi.

Nimetoka Bukene. Nilikwenda kwa miguu na Katarina, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, michembe ya viazi vikavu mfukoni, kwa njia ileile waliyopita wapagazi. Nilitaka kuuona ule mto. Ni mto mdogo tu, sasa maji yanafika vifundoni, lakini kingo zake zinateleza na mtu mwenye mzigo kichwani anashuka akiwa haoni miguu yake. Nilikaa pale kidogo. Katarina aliniuliza kama nalia, nikamwambia napumzika.

Stesheni nilimwomba karani aniangalizie makasha ya Bwana Mawe. Kasha la Masele lilifika, kumbe. Nyapara aliwarudisha watu wawili walichukue kando ya mto, wakalibeba wawili kwa mti, likapakiwa gari la moshi pamoja na mengine. Hakuna kilichopotea hata jiwe moja. Na kabla ya kupakia, kila kasha hupimwa. Karani yule, kijana mpole, aliniinamishia kitabu nisome mwenyewe, akashangaa kuona najua kusoma. Makasha kumi na mawili yameandikwa ratili arobaini na tisa, hamsini, hamsini na moja. Moja limeandikwa tisini na tatu. Nilimwomba aniandikie hayo kwenye karatasi na kutia muhuri. Karatasi hiyo imo ndani ya barua hii. Ishike vizuri.

Niliporudi nilipita kwa karani Hilari. Nilimwambia, "Nisomee alichosema Masele. Nimechoka kusikia kwa watu." Akasema nakala hana, lakini anakumbuka, maana hajapata kuandika maelezo kama yale. Akafumba macho akanisomea kutoka kichwani: walinitia lumbesa, nikasema ni lumbesa, hawakunisikia, nilipofika kwenye maji shingo ililia, mkono ukafa, nikaliweka kasha chini taratibu kando ya maji kama anavyolazwa mgonjwa, nikarudi nyumbani.

Nilimwambia arudie hapo mwisho. Akarudia.

Nilikwenda nyumbani nikafungua barua yako ya tarehe 20 Aprili. Yumo humo huyo mgonjwa, Sylvester. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Mimi sikukuandikia, maana nilikuwa siyajui. Masele ulikuwa hujamwona. Ng'washi alikuwa mbele, hakumwona akiweka. Maneno hayo yalikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye karatasi uliyoniambia hujapata habari zake.

Sikuulizi tena jina.

Josepha


Tabora, 19 Julai 1936

Dada Josepha,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea.

Mtoto na mama yake ni wazima.

Ni mimi. Karatasi ilifika mezani kwangu tarehe 14 Aprili. Niliona jina, nikaona Puge, nikajua. Barua yako nilikuwa nimekwisha kuipata siku nne kabla. Sheria ya ofisi ni kwamba ukikuta jambo la ndugu yako unasema, na kazi anapewa mwingine. Sikusema. Nilijidanganya kwamba nikiigeuza mwenyewe nitaigeuza vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Na mara ya kwanza niliigeuza vizuri, Dada. Naomba uamini hilo tu. Niliandika maneno saba ya Kiingereza kwa hilo moja: mzigo ulioongezwa kupita kipimo kilichokubaliwa. Bwana wa ofisini akasoma, akaniita.

Akasema, "Huyu mtu amesema neno moja. Wewe umeandika saba. Neno lenyewe ni nini?"

Nikasema, "Lumbesa, bwana."

"Na maana yake?"

"Ni mzigo uliozidi."

"Umezidi nini? Kasha lilipimwa? Limeandikwa wapi kwamba lilipimwa?"

Nikasema sijui.

"Basi usimsemee mtu asichokisema. Kazi yako si kuwa wakili. Mzigo ulikuwa mzito au haukuwa mzito?"

Pale ndipo nilipoulizwa, na nilikuwa na kinywa. Ningeweza kusema hilo silo swali, bwana. Nilifikiria yule aliyeondolewa kwa kubishana, nikafikiria Eustadia na tumbo lake, na ile nyumba ya bati. Nikasema, "Ulikuwa mzito, bwana." Akasema, "Andika mzito." Nikaandika. Siku sita baadaye nilikuandikia kukuuliza maana ya neno ambalo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nataka uniambie kwamba ni sawasawa na mzito. Ulinijibu, na jibu lako nililificha chini ya godoro.

Ulipoleta karatasi ya Bukene nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu niliingia kwa bwana kabla hajavua kofia. Nilimwekea karatasi mezani nikamwambia, "Hiki ndicho kipimo ulichoniuliza." Akasoma. Akauliza nimeipata wapi. Nikasema, "Dada yangu aliifuata kwa miguu. Mfungwa ni mumewe."

Kisha akaniuliza kama nilijua hivyo tangu siku ile, nikasema nilijua. Hakufoka. Alisema, "Laiti ungeniambia, ningempa karatasi mtu mwingine, na wewe ungekuja kortini kama shahidi wa neno." Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mlango ulikuwepo. Aliniamuru nikae niandike upya, yote, nikaandika yale maneno saba. Akayapeleka kwa wakubwa wake pamoja na karatasi yako.

Nilingoja kupata jibu ndipo nikuandikie. Limefika juzi. Masele ameachiliwa tarehe 17. Adhabu yake ilikuwa iishe tarehe 26. Siku tisa, Dada. Nimehesabu mara nyingi, hazifiki kumi. Habari ya Bwana Mawe na nyapara wake hakuna la kufanya, wanasema. Kambi imehama, na mkataba wake ulikuwa kwa mdomo.

Nilimsindikiza Masele stesheni. Hatukuongea mengi. Mimi wameniondoa kwenye ukalimani, niko stoo ya karatasi na wino. Sikuandikii hilo unihurumie.

Sylvester


Puge, 30 Agosti 1936

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliipokea. Sikuijibu kwa sababu kila nilipoanza, nilikuwa naandika maneno ambayo baadaye ningelazimika kuyaungama kwa padri.

Mtama tumevuna, si mwingi. Katarina ameposwa na kijana wa Usoke, tumesema tungoje kwanza. Wadogo zake wote wana kikohozi.

Masele alifika salama. Amekonda, anakaa nje tangu asubuhi, anatazama watu wanavyopita. Mwezi mzima sikumwambia lolote juu yako. Nilijiambia nisimwongezee. Jumapili iliyopita nikashindwa, nikamwambia, "Aliyeandika mzito ni Sylvester." Akanijibu, "Najua."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu siku aliyoniletea blanketi. Aliongea na mimi akimtazama askari." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, hata siku moja, hata alipofika nyumbani. Akasema, "Ana mtoto mchanga na kazi mpya. Wewe ungekwenda Tabora kumtoa kazini."

Ningekwenda kweli. Sijui nimkasirikie nani zaidi. Miezi mitano nimetembea, nimesimama nje ya kuta, nimeomba watu wanisomee vitabu, na kumbe wanaume wawili walijua jambo moja, kila mmoja ananificha kwa wema wake. Wewe ulinificha ili usipoteze kazi, yeye alinificha ili usipoteze kazi. Mimi nani aliniuliza ninachoweza kubeba?

Kuna swali la kama nimekusamehe. Nimejiuliza mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kuniuliza. Jibu bado. Siku nyingine naamka nimekusamehe, kisha nikimwona Masele anavyovaa shati kwa mkono mmoja hasira inarudi yote.

Jana nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno. Alisogeza kigoda akakaa karibu, akafikiri, akaniambia niandike hivi:

"Shemeji, mimi Masele sijambo. Shingo inapona. Mkono nao unarudi pole pole. Kazi za nyumbani nazifanya zote. Usikae na moyo mzito kwa ajili yangu. Mbebe Veneranda."

Hayo ni maneno yake. Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikutoa wala sikutia, ingawa najua si kweli.

Haya sasa ni yangu. Shingo haiponi. Mkono umekuwa mwembamba kuliko wa Katarina. Jembe hawezi kuliinua, na mwezi wa kumi na moja mvua zitaanza. Omba ruhusa ya wiki tatu huko stoo, njoo ulime.

Josepha